Picha ya Kiwengwa Iliyogoma Kusafishika

Bi Zuwena wangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikatulia kidogo, maana wewe ulikuwa huitikii mpaka umalize kufunga vifuniko vya chupa za dawa. Ukishafunga ndipo unageuka: "Marahaba, Rukia. Umeshakunywa chai?" Hata kama adhuhuri imeshaadhiniwa. Siku hizi hapana anayeniuliza kama nshakunywa chai.

Nnakuandikia kwa sababu nimetumwa kwako. Aliyenituma nitakwambia, lakini kwanza nikupe habari, maana ulikuwa ukinuna mtu akiianza hadithi kutoka mkiani.

Studio yako ya Mji Mkongwe haipo tena. Mlango ni ule ule na baraza ni ile ile, lakini ndani wanauza vikoi na vipakiti vya viungo kwa wageni. Chumba chetu cha giza, tulimokuwa tukisafishia filamu, wamekitoboa ukuta, wakatia dirisha. Nilipita siku moja nikaliona jua limejaa mle ndani, nikashtuka, nikataka kupiga kelele wafunge, filamu zitaungua! Nilijicheka njia nzima mpaka Darajani. Kufika nyumbani nikalia.

Mwanao Asya aliniletea masanduku yako ya filamu huku kwangu Chukwani. "Mama alisema ni zako," akaniambia. "Mimi nikizishika naona weusi tu." Akaniomba nizifanyie kazi, tuonyeshe picha chache za mandhari mjini, watu wakukumbuke kwa kazi uliyoipenda. Maana walikujua kwa harusi. Mwanamke mpiga picha, unaingia ndani palipozuiliwa wanaume, bibi harusi anakaa mbele yako bila wasiwasi. Harusi zilikulisha. Lakini ikifika siku isiyokuwa na harusi, marehemu mumeo anakupakia kwenye vespa, buibui umelikusanya magotini, miguu ya kamera umeilaza mapajani kama mtoto, mnakwenda mashamba kupiga picha za miti na mawingu. Majirani wakikucheka. "Bi Zuwena, picha haina mtu, nani ataitaka?" Nawe ukiwajibu, "Nchi nayo ina uso."

Nimenunua skana, mashine ya kuisoma filamu na kuitia kwenye kompyuta. Ungeigombeza mwanzo, kisha usingetoka mbele yake. Filamu moja naweza kuisoma mara mbili, mara tatu, kila mara kwa mwanga wa kiasi chake: usomaji mmoja kwa ajili ya vivuli, mwengine kwa ajili ya mawingu, halafu programu inazipandanisha zikawa picha moja. Tuliyokuwa tukiyahangaikia mimi na wewe kwa viganja na vipande vya kadibodi chini ya taa, hapa unaziba, pale unaacha, sasa nayafanya nimekaa kitini.

Na hapo ndipo nilipokujua upya. Nilidhani nakujua! Ile picha ya minazi ya Chukwani, ambayo kwenye karatasi kivuli chake kilikuwa cheusi tii, nilikifungua kivuli, ndani mkatoka ng'ombe amelala, na kamba yake, na ndoo, na majani mabichi mtu amemtilia. Vyote ulivipata. Vilikuwa vimekaa ndani ya filamu miaka yote hiyo. Ulikuwa ukiniambia nisihukumu filamu kwa karatasi, kwamba filamu inaona zaidi kuliko karatasi inavyoweza kusema. Nikiitikia tu "naam, bibi", kumbe sijaelewa. Hukuwa na kompyuta, hukuwa na lolote la kukwambia litakuja, lakini ulipima mwanga kama mtu anayemwekea akiba mwenziwe asiyemjua. Nilisimama mbele ya kompyuta nikasema kwa sauti, "Bibi wewe!" Mume wangu akauliza naongea na nani.

Basi nikafika kwenye ile ya Kiwengwa.

Unaijua nnayoisema. Bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, vigingi vya mwani vimesimama safu safu, wanawake watatu wameinama na mawingu yametanda juu yao. Kila baada ya Idi uliitoa, ukajaribu karatasi mpya, dawa mpya, ukaitazama ikiwa bado mbichi ndani ya beseni, ukasema, "Bado." Ukaichana. Mimi nikiamini ni mawingu yanayokukera. Nikaona kumbe hapa ndipo pa kukulipa wema, mawingu nitayaweza.

Nikayaweza. Mawingu yalitoka mpaka utadhani yatanyesha, na nyuso za wale wanawake zikaonekana vizuri. Filamu ilikuwa imeingia ukungu pembeni, madoa madoa. Siku hizi kuna programu, unaionyesha doa tu, inalifuta yenyewe na kupajaza palipobaki. Doa likiwa juu ya mchanga, inatengeneza mchanga mwengine wa kufanana nao. Nikafuta yote. Picha ikawa safi kama jana.

Lakini nyuso zimeonekana, na wewe ulinifundisha kwamba uso wa mtu una mwenyewe. Sikuthubutu kuitundika mjini bila ya kuwauliza. Nikaichapa, nikaenda Kiwengwa na Asya. Ufukwe umejaa hoteli sasa, tuliuliza njia kwa walinzi, mpaka akina mama wanaoanika mwani wakatupeleka kwa Bi Mize. Ndiye wa katikati kwenye picha, yule aliyejifunga kanga kifuani na kamba begani. Ni mtu mzima sasa, miguu inamuuma, baharini haendi tena.

Tukamwamkia, nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa Bi Zuwena mpiga picha.

"Yule bibi wa vespa!" akasema. "Yuko wapi? Hajambo?"

Nikamwambia umeshatangulia mbele ya haki. Akakusomea Fatiha pale pale mkekani. Kisha akanyoosha mkono apewe picha. Aliitazama kwa karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akawataja wenziwe kwa majina, wote wawili marehemu. Akacheka alivyokuwa mwembamba. Halafu akaanza kuupapasa mchanga wa kwenye picha kwa kidole, huku pembeni, kushoto.

"Na mwanangu yuko wapi?"

Nikadhani hakunifahamu. Nikamwonyesha tena wale watatu.

"Hao ni watu wazima, nnawajua. Mwanangu. Nilimlaza hapa, juu ya kitambaa cheupe, nimemkingia jua na kipande cha jamvi. Yule bibi aliniambia yumo." Akanitazama. "Umeisafisha picha, mwanangu, mpaka umenitolea mtoto."

Bi Zuwena, nikalikumbuka doa moja la kushoto, juu ya mchanga, nililolifuta pamoja na mengine.

Akatueleza. Binti yake, jina lake Subira, kifunguamimba, alikuwa bado hajaota meno. Siku ile ulimuuliza kama unaweza kupiga picha, naye akakuomba mtoto aonekane, maana hakuwa na picha yake hata moja. Ukamuahidi. Uliporudi baadae ulikuja mikono mitupu. Ulimwambia mchanga ni mweupe na kitambaa ni cheupe, jua lilikuwa kali, mtoto amepotea ndani ya weupe, lakini umekuja na kamera umpige upya, peke yake, karibu. Na Subira alikuwa ameshazikwa. Homa, wiki nyingi kabla.

"Alikaa hapo ulipokaa wewe," Bi Mize akasema, "akalia kunishinda mimi. Akaniambia mtoto yumo ndani ya filamu, na yeye hataniletea picha asiyokuwemo."

Asya aliinamisha kichwa. Hakuwahi kulisikia hilo, wala mimi. Miaka yote tuliyokaa na wewe ndani ya kile chumba, bega kwa bega, hukusema. "Bado," basi. Ungeweza kumpelekea mama wa watu karatasi yoyote nzuri, yenye mawingu mazuri, ukamwambia ndiyo hiyo, angeipokea kwa shukurani. Hukufanya. Ulimbeba mtoto yule kila baada ya Idi ukamtafuta tena ndani ya maji ya dawa.

Nilirudi Chukwani siku ile ile. Sikuigusa picha niliyoisafisha. Nikaitoa filamu yenyewe, nikaifuta vumbi kwa brashi yako ya manyoya, nikaisoma upya, na pale kwenye weupe wa mchanga, ambapo filamu, kwa kuwa inageuza weupe kuwa weusi, imeganda nene kama tui zito, nikaongeza mwanga, nikaongeza tena, mpaka mashine ikalalamika. Lile doa likaanza kuwa na umbo. Kwanza jamvi na kijiti chake. Kisha mkunjo wa kitambaa. Kichwa. Sikio, Bi Zuwena, sikio la mtoto! Na mkono mmoja kaunyanyua juu, ngumi kaifumba, yumo usingizini, hana habari na mtu.

Alikuwamo. Ulisema kweli.

Sikuongeza kitu. Programu ilijitolea kumchonga uso, siku hizi inaweza, inabuni macho na pua zikapendeza. Nikaikatalia. Ungenikata mkono. Nilichofanya ni kuupandanisha mwanga wa mchanga na mwanga wa mawingu na wa zile nyuso, taratibu, mpaka wote wakakaa pamoja katika karatasi moja, na ukungu wa pembeni nikautoa kwa mkono, doa kwa doa, nikiliuliza kila moja wewe ni nani.

Nikampelekea Bi Mize. Safari hii sikumwonyesha pahala. Kidole chake kilikwenda chenyewe.

Hakulia kama nilivyoogopa. Alicheka, cheko la msichana. "Tazama ngumi! Ndivyo alivyokuwa akilala, kama anayegombana." Akawaita wajukuu waje wamwone shangazi yao. Wakabishana nani anafanana naye. Nyumba ikawa na furaha kama ya arubaini ya mtoto, na mimi nimekaa mkekani napewa chai na mikate ya kumimina, machozi yananitoka, watu wananicheka.

Wakati wa kuaga akanishika mkono. "Mwambie bibi nimeiona."

"Nimwambie vipi, na yeye ameshakwenda?"

"Wewe si mwanafunzi wake? Utajua njia."

Njia nnayoijua ni hii. Basi pokea: Bi Mize wa Kiwengwa anakusalimu sana. Anasema ameiona. Anasema mtoto yumo. Anasema amekuridhia na Mungu akuridhie.

Ametupa ruhusa ya kuitundika mjini, kwa sharti kwamba jina la Subira liandikwe mwanzo, kabla ya majina ya wakubwa. Asya ameshaliandika kwa hati yake nzuri.

Mimi nakuahidi hili, mwalimu wangu. Masanduku bado ni mengi, yapo mashamba na pwani nisizozijua, na mashine yangu ina pupa ya kusafisha. Hapana filamu yako hata moja nitakayoitia brashi kabla sijakwenda pale ulipoipigia, nikakaa na wenyewe, nikawauliza kuna nini hapa ambacho mimi sikioni. Ikinichukua umri wangu wote, na iuchukue. Watakaokuja baada yangu watanisaidia kumalizia.

Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru, wewe uliyekaa gizani kwa ajili ya nyuso za watu. Lala, bibi. Kesho asubuhi nnakwenda Makunduchi, nimechukua ile picha ya mashamba ya mawe. Kuna kitu cheupe kwenye kona, na sijui ni nini.

Mwanafunzi wako,
Rukia