Picha Themanini za Fataki, Hata Moja ya Baba

Shangazi, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila Jumamosi na huwa nawacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, maji yamenifika shingoni, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Mimi ni mtengeneza miwani, nina duka langu dogo na mashine ya kusaga lenzi, na mwaka jana nilinunua kamera nzuri na stendi yake ya miguu mitatu kwa sababu nilipenda sana taa za usiku, basi nikajifunza mwenyewe kwa kutazama video, unaweka kamera kwenye stendi isitikisike, unaacha lenzi wazi sekunde nne, sekunde nane, fataki inapasuka na kila cheche inajichorea mstari wake kwenye picha, nikajiunga na kundi la wapiga picha kwenye simu, nikatuma picha moja ya fataki, watu wakaanza kuniita Bingwa, na Shangazi sitakuficha, jina lile lilinikaa.

Sasa baba yangu amekuwa fundi wa taa kwenye uwanja wa michezo kwa miaka thelathini na moja, zile taa kubwa za juu zote amezipanda yeye, na mwaka huu amestaafu kabla ya wakati kwa sababu ya presha ya macho, ugonjwa ule unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, mimi ndiye niliyemshtukia pale dukani nikampeleka hospitali, daktari akasema kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki, na kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Wenzake wakaamua kumuaga kwa heshima, kulikuwa na sherehe ya kufungua jukwaa jipya pale uwanjani, fataki na miale ya leza, wakasema kitufe cha kuwasha vyote atabonyeza mzee.

Mama alifurahi mpaka akashonesha gauni. Jioni ile akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hayo mambo ya angani waachie wengine. Wewe mpige baba yako. Nataka picha moja tu, anabonyeza, uso wake unaonekana, tuichapishe kubwa aione wakati bado anaona." Nikamwambia, "Mama, hiyo kazi ndogo." Baba naye akanionyesha pa kusimama, hatua nne mbele ya meza ya mitambo, nimwelekee yeye, akaniambia, "Na hiyo kamera usiielekeze kwenye leza. Mwale ukiingia kwenye lenzi unaunguza ndani." Nikamwambia najua, baba.

Basi wakahesabu tatu, mbili, moja, baba akabonyeza, na nyuma yangu anga likapasuka, Shangazi, nyekundu, kijani, nyeupe, watu elfu ngapi sijui wakapiga kelele kwa pamoja, nikasema ngoja nigeuke sekunde moja nichukue ya kwanza halafu nirudi kwa baba, nikageuza stendi, nikapiga, ikaja nyingine nzuri kuliko ile, nikasema hii tu, ikaja iliyoanguka kama mvua, nikasema na hii, halafu leza zikaanza kukatana juu ya moshi, na kumbe dakika kumi na moja si nyingi, nikasikia makofi ndipo nikakumbuka kwamba nimekuja na baba. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka mezani anapeana mikono na watu, nikapiga harakaharaka, lenzi ilikuwa bado imewekwa kwa ajili ya fataki, nikapata ukungu wenye kofia.

Na kuna la pili. Dakika ya saba mwale wa kijani uliniingia moja kwa moja kwenye lenzi, na tangu hapo kila picha ina mstari wa zambarau umekatiza katikati, hata nikipiga ukuta mweupe mstari upo.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Mama akiniuliza picha namwambia nazisafisha kwenye kompyuta, juzi akaniuliza, "Unazisafisha kwa sabuni gani?" Baba yeye hajauliza hata mara moja, nashukuru. Nimefikiria nimwite dukani akiwa na sare yake ya kazi, nimwambie anyooshe kidole kama anabonyeza, nimpige picha ukutani halafu nimbandike kwenye lile anga kwa programu, siku hizi inawezekana kabisa na hakuna atakayejua, ila mke wangu amesema nikifanya hivyo anakwenda kwa mama kumwambia yeye mwenyewe, kwa miguu. Shangazi, nimbandike au niseme kamera iliibiwa? Kosa langu mimi ni kupenda sanaa tu.

Ni mimi, Bingwa Niliyekwama.

*

Bingwa, marahaba. Na pole. Hiyo pole itunze, maana ni moja tu na nyingine sina.

Kwanza nikupongeze. Si kila mtu anaweza kuwekwa hatua nne kutoka kwa baba yake mzazi, akiwa na kamera nzuri, stendi ya miguu mitatu na maagizo ya watu wawili, halafu akamkosa. Hilo linataka kipaji. Mtu asiyejua chochote, mwenye simu iliyopasuka kioo, angempata. Wewe ujuzi wako ndio umekuokoa na aibu hiyo.

Nimeipenda pia sekunde yako moja. Ilidumu dakika kumi na moja. Saa yako uliinunulia duka gani, na mimi nikanunue? Nina wageni nyumbani nataka wakae sekunde moja.

Asubuhi unamwambia mteja soma mstari wa chini, je, unaona vizuri? Jioni umesimama uwanjani umevaa miwani ya mbao. Halafu unaniandikia kwamba kosa lako ni kupenda sanaa. Mwanangu, sanaa usiisingizie. Sanaa haikumwambia mama yako "hiyo kazi ndogo". Ulichopenda ni kuitwa Bingwa na watu ambao hata wakikutana nawe sokoni hawakujui.

Sasa tuje kwenye mpango wako mzuri wa kubandika. Baba yako ameshika taa miaka thelathini na moja. Unampiga picha ukutani kwa mwanga wa duka la miwani, unamweka mbele ya fataki, unadhani hatajua mwanga umempiga kutoka upande gani? Au hesabu yako ni kwamba macho yake yameshapungua, kwa hiyo maungio hatayaona? Sentensi hiyo hukuiandika, lakini nimeisoma. Isome na wewe, taratibu, kwa sauti.

Na hiyo ya kamera kuibiwa, sawa, iliibiwa na nani? Utampeleka mama yako kituo cha polisi akamtafute mwizi wako?

Kitu kilichonikera kuliko vyote ni hicho ulichokishukuru. Baba hajauliza. Umeona nafuu hapo. Wewe mwenyewe umeniambia anaona kama anachungulia kupitia bomba. Wewe mwenyewe umeniambia ulikuwa umesimama hatua nne mbele yake. Sasa niambie, Bingwa, usiku ule ndani ya hilo bomba kulikuwa na nini? Anajua. Ndiyo maana hakuulizi. Anakuonea huruma, na wewe unaiita bahati.

Fanya hivi. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa baba yako. Usimpigie simu, nenda. Mwambie: nilikugeuzia mgongo, sina picha yako. Usitaje kompyuta, usitaje programu. Mwambie na la leza, maana alikukanya na hukusikia. Ukitoka kwake ingia kwa mama yako, umwambie hayohayo, na akikusema nyamaza. Mke wako mshukuru, nyumba yenu ina jicho moja linaloona na ni la kwake. Kisha anza kutembea. Uwanja mzima ulikuwa na simu mikononi, na wenzake baba walimpenda kiasi cha kumpa kitufe. Unataka kuniambia hakuna hata mmoja aliyemwelekezea simu? Uliza mmoja mmoja: mlinzi, mfagiaji, mkata tiketi. Umeshapoteza wiki tatu za macho ya mzee.

*

Majibu hayo nilimtumia kwanza kwenye simu, kwa sababu ugonjwa wa baba yake hausubiri Jumamosi. Siku tisa baadaye akaandika tena:

Shangazi, nilikwenda. Baba alikuwa anasikiliza redio, akaizima. Nikamwambia nilimgeuzia mgongo, sina picha yake. Akasema, "Najua. Nilikuwa nautazama mgongo wako." Lakini nilipofika kwenye leza, Shangazi, alinigombeza nusu saa nzima, nilikwambia au sikukwambia, wewe umefundishwa kazi na nani, mpaka nikafurahi kwamba sasa ananigombeza. Mama, nilipomwambia, alitoka nje akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Halafu baba akasema, "Hebu lete hizo fataki." Nikadhani ananikejeli. Akasogeza uso karibu kabisa na kompyuta akaanza kuzipitia moja moja, "Hii ilichelewa. Hii nilijua haikuwaka, kumbe iliwaka." Yeye hakuwa ameziona, alikuwa ameinamia mitambo, na akiinua macho anaona kipande kidogo tu, nacho kimejaa mgongo wangu. Tulikaa hapo mpaka tukaitwa kula, na mimi sikuitwa, aliitwa yeye.

Nikawatafuta wenzake. Siku ya nne nikampata dada mmoja anayekata tiketi, ana video ya sekunde kumi na mbili, aliichukua kwa pembeni. Baba anabonyeza, uso wote unawaka kijani, anacheka meno yote nje, mimi sijawahi kumwona akicheka vile. Ipo sekunde moja imetulia kabisa, inafaa kuchapishwa. Tatizo ni kwamba mbele yake naonekana mimi, nimempa mgongo, nimeikumbatia kamera. Fundi wa kuchapisha anasema anaweza kunikata bila kumgusa baba. Mama anasema nisikatwe, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu siku ile. Shangazi, si afadhali nikatwe?

*

Bingwa, usikatwe.

Mwambie fundi achapishe yote kama ilivyo, kubwa kadiri mashine yake inavyoweza, na iwe wiki hii. Muulize baba yako ni ukuta gani wa sebuleni anauona vizuri zaidi, mwanga wa dirisha usiuwakie, uigongee misumari wewe mwenyewe, usawa wa macho yake. Na wageni wakija wakauliza yule aliyempa mzee mgongo ni nani, mama yako asijibu, na mke wako asijibu. Wewe ndiye utakayejibu.