Kilichoota Kwenye Damu ya Mama

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Ile homa ya mama niliyokudokeza imetimiza wiki ya sita. Mwanzoni tulidhani ni malaria, akameza dawa mara mbili. Homa ikawa inaaga asubuhi na kurudi jioni kama mgeni aliyesahau mwavuli. Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, naye akatania kwamba amerudi usichana, posa zianze kuja.

Daktari alipomsikiliza kifua alirudia mara ya pili. Akasema moyo una mlio ambao mwaka jana haukuwapo, akatuonyesha na vidoa vyekundu chini ya kucha. Alihisi vijidudu vimejenga kwenye vali, ile milango ya moyo, akaagiza damu ioteshwe kwetu maabara, ionekane kama ina vijidudu. Niliitoa mwenyewe, nikaitia kwenye chupa mbili. Baada ya siku tano nikamjibu kwamba hakuna kilichoota. Kwa jibu hilo mama akaondolewa kwenye foleni ya picha ya moyo, daktari akaanza kutafuta kwingine: kifua kikuu, figo, baridi yabisi. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Jumatatu mama aliangusha kikombe, mdomo ukaenda upande. Ndipo wakampiga ile picha. Kuna kinyama kinaning'inia kwenye vali. Kipande kilikatika, kikapanda kichwani. Daktari alinishika bega, akasema nisijilaumu, damu ndiyo iliyotudanganya.

Kaka, damu haikudanganya. Chupa ziliota, zote mbili. Siku ile nilikuwa na haraka, sikumsafisha ngozi inavyopasa, na nilipoona vijidudu nikaamini ni uchafu wa mkono wangu. Niliona haya, mimi wa miaka kumi na moja kazini, kuboronga kwa mama yangu mzazi. Nikazitupa chupa, nikaandika hakuna.

Jana nilimweleza daktari. Hakufoka. Aliniomba tu nirudie tarehe, akaziandika. Dawa ya kupitia mshipani imeanza, lakini vali imeshaliwa, na mpasuaji anasema mama hatakistahimili kisu. Njoo upesi. Ukifika na usipotaka kunisemesha, nitaelewa.

Wasalimie wote. Hapa ndipo huwa naandika kwamba mama anakusalimu. Tangu Jumatatu hajatamka neno.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba