Nne kwa Mdomo, Tisa Begani

Alhamisi, alasiri. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na mawingu yamekaa tu juu ya mtaa wetu wa Rugenge bila kunyesha. Nina hasira, na mtu ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Jumatatu natakiwa kurudi kazini. Mimi ni mkunga katika maternite moja, nyumba ya kujifungulia, ya Kavimvira. Miezi mitatu iliyopita pikipiki iliniangusha kwenye matope, bega langu la kulia likateguka, na tangu hapo nafasi yangu imeshikwa na msichana mmoja hodari mno. Mkubwa wetu amenieleza kwa upole kwamba nisiporudi wiki ijayo, atabaki msichana huyo. Upole ule umeninyima usingizi.

Basi nafanya mazoezi. Kine, yule anayenirudishia nguvu za bega, hana vyuma vya kuinua. Anajaza maji kwenye bidoni, dumu la plastiki, lita baada ya lita, nami naiinua mpaka usawa wa bega mara kumi. Kisha anauliza nimechoka kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi. Sifuri ni kama nimekaa tu. Kumi ni kwamba hata mara moja zaidi siwezi. Nikitaja namba ndogo, anaongeza maji.

Wiki tatu nzima nimetaja nne.

Ni uongo. Kwetu Mutarule, tukiwa kwenye mstari wa kulima, hakuna mtoto aliyethubutu kusema amechoka kabla mama hajanyoosha mgongo, na mama alikuwa hanyooshi mgongo mpaka jua liwe utosini. Nilijifunza kumeza uchovu nikiwa na miaka saba, nikajiona shujaa. Ajabu ni kwamba kazini nawagombeza akina mama wanaouma vitenge vyao na kuniambia uchungu ni kidogo. Nawaambia kuficha kunaua.

Leo kine alijaza lita nane. Kufikia mara ya saba mkono ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye vidole, jasho linaniingia machoni. Nilikaza meno nikafikisha kumi. Nikasema nne, akaongeza lita moja.

Mara ya tatu bidoni ikaniponyoka. Kifuniko kikaruka, maji yote yakamwingia kine kwenye viatu. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitoa karatasi ya kuniruhusu kurudi kazini, yenye nafasi ya kuandika namba ya uchovu, na namba kubwa ingenizuia, akaniwekea mbele pamoja na kalamu.

"Mama Neema, minye siko ndani ya mukono yako," alisema. "Andika weye mwenyewe. Namba yenye utaandika, nitaisaini."

Niliandika nne. Ilitoka imepinda, kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Aliitazama, kisha akasaini.

Nilipofika nyumbani nilimkuta jirani yangu, Mama Asifiwe, amesimama mlangoni kwangu na kichanga chake. Hapa kwetu mtoto akitolewa nje mara ya kwanza hupitishwa mikononi mwa majirani, na anayekataa kumpokea ni kama amekataa nyumba yao yote. Alimtoa kifuani akaninyooshea.

"Pokea mutoto yako, Mama Neema."

Mikono yangu haikuinuka.

Nilimtazama yule mtoto, shingo yake haijakaza bado, na nikasikia mtetemeko ungali unatembea kutoka begani mpaka kiganjani. Nikasema nina mafua, nisije nikamwambukiza. Nikarudi nyuma hatua moja ili nionekane nasema kweli.

Alinishukuru. Akasema ndiyo maana wanawake wa mtaa huu wanaomba nirudi upesi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchunga watoto wa wenzangu. Nikatabasamu. Aibu niliyoisikia sijui niiweke wapi.

Tangu aondoke nimekaa na karatasi hii mapajani. Kama kweli ni nne, mbona sikumpokea mtoto wa kilo tatu? Jumatatu watoto watazaliwa mikononi mwangu wakiwa wameloa, wanateleza, na mama zao hawatakuwa na muda wa kusikia habari za mafua.

Kesho kine atanikuta mlangoni kwake kabla hajafungua. Nitamwambia ni tisa, hata kama yule msichana atabaki na nafasi yangu. Nimejaribu kulitamka hilo neno mara mbili, peke yangu humu chumbani, na mara zote mbili mdomo umegoma.