Tanuru Iliyozimwa Siku ya Kupimwa

Kalemie

Papa wangu mupenzi,

Nakusalimu, wewe na Mama. Goti lako linaendelea namna gani? Na mihogo huko Ankoro, mvua imeikuta? Miye mwili uko muzima, ila roho inawaka. Njo maana nakuandikia leo, kabla hasira haijapoa.

Unajua kazi yangu kwenye biro ya mazingira, ile ofisi ya serikali: kupima moshi na vumbi la viwanda kabla havijapewa ruhusa ya kazi. Juma lililopita nilienda na shefu wangu kwenye kiwanda cha chokaa, kando ya ziwa. Kinaomba ruhusa mupya. Tulifika na mashini ya kupimia, tukakuta tanuru baridi, Papa! Uwanja umemwagiwa maji, soda zimepangwa mezani.

"Imeharibika kidogo," mukubwa wa kiwanda akasema, anacheka.

Nje ya ukuta kulikuwa mama mumoja anaanika samaki wadogo wa ndagala, jina lake Mama Feza. "Waliizima jana, walipopashwa habari kama munakuja," akaniambia. Akapangusa kwa kidole jani la muhogo wa bustani yake pale ukutani. Kidole kikatoka cheupe kwa vumbi. "Hii njo tunakula. Wajukuu wangu wanakohoa mpaka wanatapika."

Kurudi biro, shefu akaniletea ripoti imekwisha kuchapwa: hewa ni safi, ruhusa itolewe. Ilibaki sahihi yangu tu.

"Shefu, hatukupima kitu. Tanuru ilikuwa imezimwa."

"Basi andika ulichokiona," akasema, akidhani sitasubutu.

Nikaandika kwa mukono wangu, chini ya maneno yake: *Tanuru ilikuwa imezimwa, moshi haukupimwa.* Nikatia sahihi. Kesho yake wakaninyang'anya mashini, wakaniweka kwenye chumba cha karatasi za zamani. Ripoti nyingine ikachapwa, akaisaini mutu ambaye hajafika hata kwenye mulango wa kile kiwanda. Ruhusa ikatoka!

Najua utasema ninyamaze, minerval ya wadogo zangu, pesa ya masomo yao, inatoka kwenye kazi hii. Nilijaribu. Lakini jana Mama Feza alikuja na wenzake kuuliza ruhusa ilitolewa juu ya nini. Wakajibiwa shefu hayuko, na miye namsikia nyuma ya mulango anaongea kwenye simu. Ripoti yangu walikuwa wameitupa humohumo, kwenye karatasi za zamani. Nikaitolea nakala, nikampa Mama Feza, nikamuambia aipeleke kwa mwanasheria.

Shefu akatoka mbio. "Nani amewapa hiyo?"

Mama Feza akaificha ndani ya kitenge chake, asinitaje.

"Ni miye," nikasema.

Jumatatu nimeitwa nijieleze. Sina maneno mengi, Papa. Nitawaambia turudi kule bila kupasha mutu habari, tupime tanuru ikiwa inawaka. Kama kwa hilo watanifukuza, basi nitakuja kulima nanyi.

Musalimie Mama, dada yangu mukubwa na mume wake, na shangazi anayeuza mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, sokoni. Wadogo zangu wasome kwa bidii. Muniombee.

Miye mutoto wenu,
Mwamba