Mboga Zisizo na Dawa

2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umeinama, maana mgongo wako naujua. Mkazamjomba hajambo? Kikohozi kimemwacha? Mimi mzima wa mwili, ila kichwani naelea kidogo, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Simu yako huko bondeni ni pambo la mezani tu, na jambo lenyewe halitoshi kwenye ujumbe mfupi.

Nimeacha kazi. Kaa kwanza, usigombe. Unajua nilivyokuwa: miaka yote ile nakaanga viazi vilivyokuja vimekatwa tayari, vimegandishwa kwenye mifuko, vyote urefu mmoja kama askari wa gwaride. Siku moja mteja akaniuliza viazi vile vinatoka wapi, nikamjibu, "Kwenye friji." Nikasikia jibu langu mwenyewe, nikaona aibu. Mimi niliyelelewa shambani kwako nasema viazi vinatoka kwenye friji.

Tangu siku hiyo naota macho wazi. Nimepata chumba kilichokuwa cha fundi cherehani, kinatazama barabara, karibu na maofisi. Kwenye nyufa za sakafu bado kuna vipande vya uzi, vyekundu na vya bluu, na sijataka kuvifagia. Jua la asubuhi huingia mlangoni likafika hadi ukuta wa nyuma, nami husimama katikati nikaona vitu ambavyo havipo: jiko pale, meza ndefu hapa, watu wanakula mkate wa moto uliokunjwa na yai na mchicha, viazi vya kukaanga na maganda yake. Wote wana haraka zao, lakini wakishauma mara ya kwanza wanatulia. Chakula cha haraka, mjomba, ila cha shambani, kisichojua mbolea ya dukani wala dawa, na kisichotoka mbali. Kitoke kwako.

Nataka unilimie. Nimejitia mzima mzima kwenye chumba hiki, kwa hiyo ukikataa nitarudi huko nile mboga zako bure. Chagua mwenyewe. Dereva wa lori, yule mnayemwita Breki, amekubali kubeba makreti na barua.

Ni mimi,
Mpwa wako

11 Februari

Kwako mpwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeinama, kwa hiyo dua haikupokelewa. Mkazamjomba wako hajambo, kikohozi kimeondoka kikamwachia maneno. Anasema mtu mwenye mshahara haachi kazi kwa ajili ya jua la mlangoni. Nimemwambia mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, akipewa ukuta anaona dirisha. Dada yangu yule, Mungu amrehemu, umemrithi bila kupunguza.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, wewe umeifanya haraka kuwa biashara. Haya. Lakini elewa jambo moja: haraka yako lazima mimi niianze mapema. Kiazi atakachokitafuna mtu wako amesimama kitakuwa kimelala ardhini miezi mitatu, na hakijui kama kuna foleni. Usije ukanitumia Breki kuniambia unataka leo leo.

Nitalima. Nimekutengea kipande kile cha karibu na kijito, samadi ipo tele. Jana nilipokuwa napiga matuta nikajikuta nawaza midomo. Sokoni mboga yangu huingia kwenye gunia la mtu ikapotea, sijui imeliwa na nani, wala kama ilimpendeza. Sasa namwona mtu na tai yake anatafuna mchicha wangu, anafumba macho. Nikacheka peke yangu, mkazamjomba wako akaniletea kofia, akidhani nimepigwa na jua.

Mjomba wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya viazi. Hamjambo nyote? Sisi hatujambo, tunanuka vitunguu. Viazi vimefika na udongo wake, nikavimwaga sakafuni nikakaa navyo kitambo kabla sijaviosha. Hakuna viwili vinavyofanana. Kuna kimoja kina pua.

Tumefungua. Nakuandikia alasiri, saa ile wateja wameisha, mafuta yametulia kwenye karai, na chumba kimekuwa cha dhahabu mpaka kwenye pembe. Mama wa vyombo anasinzia huku ameshika kitambaa. Nje watu wanapita, sauti zao zinaingia zikiwa laini, hazina maneno. Nikikaa hivi najihisi nimo ndani ya ndoto ya mtu mwingine, na namwomba asiamke.

Fundi wa rangi ametuandikia ukutani kwa kijani: MBOGA ZETU HAZINA DAWA. Siku ya kwanza alipita bibi mmoja na mkongojo wake, akasoma kwa sauti, akaniuliza, "Hazina dawa?" Nikajivuna: "Hazina kabisa, bibi." Akasema, "Basi wacha nikatafute zenye dawa, mimi goti linaniuma." Akaenda zake. Tulicheka mpaka mama wa vyombo akakaa chini.

Lakini wengine wameyaelewa. Kuna mwalimu ambaye mwanawe hutokwa na vipele akila mboga za sokoni. Hapa anakula na ngozi yake shwari, basi kila mchana wanakuja wote wawili. Kila mara mwalimu ananiuliza, "Una hakika?" Namjibu, "Nina hakika, aliyelima namjua." Neno hilo ndilo biashara yangu yote, mjomba. Nikilipoteza, nitabaki na chumba cha fundi cherehani na nyuzi zake.

Mpwa wako

14 Juni

Mpwa,

U hali gani? Sisi tunashukuru, wazima, ila mgongo. Naandika mbio mbio, Breki anapiga honi kama nyumba inaungua. Viwavi walivamia mchicha, waroho kuliko wateja wako. Usiwe na wasiwasi, nimepiga dawa jana na leo wamelala chali. Mchicha umependeza, utauona. Mkazamjomba anakusalimu.

Mjomba wako

14 Juni

Makreti yote nimeyarudisha na dereva huyu huyu. Nilisema wazi tangu mwanzo kwamba mboga zisipigwe dawa. Watu wameniamini, na kuna mtoto ambaye anaumwa akila vitu hivyo. Kama hukunielewa ungeuliza. Kama ulinielewa na bado ukapiga, basi umenidanganya. Usilete tena mpaka nitakapokuarifu.

Mmiliki wa mgahawa

17 Juni

Kwa Mmiliki wa Mgahawa,

Mboga zimepokelewa zikiwa zimenyauka.

Mkulima

18 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia nimepiga magoti, mama wa vyombo ni shahidi. Hamjambo? Mgongo? Najua sistahili kuuliza, ila nauliza.

Barua yako ya mstari mmoja nimeipata leo, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshajua tangu jana. Fungu moja la mchicha wako lilibaki chini ya sufuria kwenye sinki siku ile ya hasira. Nilipolitoa ili nilitupe, maji yakageuka kijivu. Nikajifuta jicho kwa mkono ule ule, jicho likawaka. Nikanusa vidole: pilipili, kitunguu saumu, jivu la mekoni kwako, na ile sabuni ya kipande ya mkazamjomba. Basi nikalia, jicho moja kwa ajili ya pilipili na la pili kwa ajili yangu.

Hiyo ndiyo dawa. Ni ile ile uliyokuwa ukinyunyiza kwa ufagio nilipokuwa mdogo, nami nakubebea ndoo. Nyumbani kila kinachoponya ni dawa, hata chumvi kwenye maji ya moto. Mimi nimekaa mjini mpaka neno limebaki na maana moja tu, ile ya chupa yenye fuvu.

Sijamaliza. Siku ile makreti yalipoondoka, foleni ilikuwa imefika nje. Nilimtuma mama wa vyombo sokoni, akaleta mchicha mzuri unaong'aa, hauna hata tundu la kiwavi. Nikaupika. Kesho yake nikanunua tena, na keshokutwa tena, na maandishi ya kijani yapo ukutani. Mwalimu akaniuliza, "Una hakika?" Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mdomo ulikataa. Jana amekuja peke yake. Vipele vimerudi.

Nikamwambia pale pale. Kisha nikasimama kati ya meza nikawaambia wote waliokuwa wanakula. Wengine walisukuma sahani, wengine wakamaliza kula wakaondoka bila kuaga. Mwalimu hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Kumbe aliyelima humjui."

Maneno hayo yamenilaza macho. Nilikuwa na hofu ya kusema uongo, nikamwita mwongo mtu mkweli, kisha nikaenda kuununua uongo wenyewe sokoni na kuukaanga. Siombi mboga, mjomba. Naomba radhi.

Mpwa wako, kama bado ni mpwa

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo? Breki amepita mara mbili bila kitu. Nilimwuliza kama umesema neno, akasema umesema "mm". Nimejaribu kuisoma hiyo "mm" kila upande.

Viazi vimeisha. Tunauza mkate na mayai, na wanaokuja ni wachache. Maandishi nimeyapaka rangi nyeupe, ila ukiangalia kwa upande bado yanaonekana kwa chini. Alasiri chumba kinapata dhahabu yake kama kawaida, hakijui kilichotokea. Mimi hukaa pale mlangoni, nasinzia. Jana niliota natembea kwenye matuta yako, wewe uko mbele na ndoo. Nakuita, hugeuki. Viazi vinatoka ardhini vyenyewe, vinanipita miguuni taratibu, vinakwenda mjini peke yao, na hakuna hata kimoja kinachonijua.

Mwisho wa mwezi huu nafikiri kumrudishia mwenye nyumba funguo. Sikwambii ili unihurumie. Nimeona usije ukasikia kwa Breki.

Mpwa wako

9 Julai

Mpwa,

Marahaba, na zile za nyuma zote, marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo upo, unakusalimu.

Nilikaa kimya, lakini sikununa. Hapana, nilinuna. Nilinuna vizuri sana. Ule mchicha uliorudishwa tuliula asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkazamjomba wako akasema akiona jani jingine anarudi kwao. Hata kuku wakawa wananikwepa. Nami kila nikitafuna nasema, mtoto niliyembeba mgongoni, huu mgongo huu, ananiita mwongo.

Aliyekutetea ni mkazamjomba, yeye ambaye biashara yako hakuipenda tangu mwanzo. Akaniuliza, "Kwani ulimwandikia dawa gani?" Nikasema, dawa. "Dawa gani?" Nikasema, mwanamke, dawa ni dawa. Akasema, "Haya, na wewe ungeandikiwa hivyo ungejuaje?" Nikachukua jembe nikaenda zangu shambani.

Breki amenisimulia ulivyosimama mbele za watu ukasema. Anasema hajapata kuona mfanyabiashara wa namna hiyo, na kwamba hutafika mbali. Mimi niliwaza kivingine. Sokoni nimeuza tangu nina nywele nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimetia nini. Ningetia sumu wangenunua, ningetia asali wangenunua, mradi jani linang'aa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunikasirikia kwa ajili ya mchicha. Niliumia, kisha nikafurahi, kisha nikakumbuka ulivyosaini ile barua, nikaumia tena.

Funguo usizirudishe. Breki anashusha makreti hivi unavyosoma: mchicha, nyanya, na viazi vya kipande cha pili. Ukiandika tena ukutani, usiwaambie watu kisichokuwemo, maana hakuna mwisho wa visivyokuwemo. Waandikie kilichomo: samadi, jivu, pilipili, kitunguu saumu, sabuni kidogo na kiburi cha mzee. Yule mwalimu asichukue neno lako wala langu. Aje shambani na mwanawe siku isiyo ya shule, waone wenyewe. Nitawapa ndoo.

Viwavi watarudi, nasi tutakosana tena, hilo nalijua. Niulize, nishuku, nigombeze, mimi sina neno. Ila siku nyingine ukitaka kuniita mwongo, niamkie kwanza.

Mjomba wako