Meno Kwenye Glasi

Jumatatu, 5 Mei

Zamu ya asubuhi. Avokado nyingi, mbovu nyingi zaidi. Saa ya chakula nimesema tena kwamba nimefunga. Wenzangu kiwandani wananiita Mama Maombi. Wanadhani kuna mtu ninayemwombea. Kumbe nimejibanza nyuma ya stoo, barakoa chini ya kidevu, nakunywa uji kwa chupa. Hata aibu yangu nimeisingizia Mungu.

Nyumbani nimeyatoa meno ya bandia. Yote, ya juu na ya chini, kwenye glasi. Mlango ukabishwa. Nikakimbilia glasi, nikayatia mdomoni yakichuruzika maji. Ni Mama Kamau wa mlango wa pili, anaomba chumvi. Miaka sita naishi hivi. Aliyejua ni marehemu mume wangu peke yake, na siri hiyo alikwenda nayo. Wairimu, binti yangu wa pekee, hajui.

Alhamisi, 8 Mei

Kliniki ya meno, Thika mjini. Daktari ni msichana wa umri wa Wairimu. Aliniambia nitoe meno nifungue mdomo. Nikafungua. Nilitazama dari muda wote.

Maji ya kisima cha kwetu yaliyatia meno yangu rangi ya kahawia tangu utotoni. Baadaye yakaanza kumegeka. Nikaogopa daktari mpaka hapakuwa na jino la kuokoa. Hilo ni kosa langu, si la kisima. Sasa mfupa wa taya la chini umepungua, ndiyo maana haya ya bandia yanacheza. Gundi haisaidii tena.

Kuna vipandikizi. Skrubu ndani ya mfupa, juu na chini, kisha meno mapya yafungwe hapo yasitoke tena. Mfupa uongezwe kwanza. Miezi mingi. Akataja pia njia ndogo: skrubu mbili tu za chini, za kushikilia haya haya niliyo nayo. Sikumsikiliza vizuri. Nilitaka kinywa kizima, kinywa cha mtu ambaye hajapoteza kitu.

Bei yake ni shamba. Sina kingine. Lile lililoko Gatuanyaga, alilolinunua marehemu Baba Wairimu kwa jasho lake la kiwandani. Kuna mtu analitaka tangu mwaka jana. Nimempigia simu hata kabla ya kufika nyumbani. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shamba kwa meno. Nimeandika hivyo nione linavyosomeka. Linasomeka vibaya.

Jumamosi, 10 Mei

Ruiru, kwa wazazi wa Wekesa, kijana anayetaka kumwoa Wairimu. Waluhya wa Bungoma, lakini wamekaa Ruiru miaka mingi. Tulienda mimi na Wairimu tu, kujuana kwanza. Nyumba safi. Sofa zimevalishwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono. Nikasema moyoni, hapa mtoto wangu atapendwa.

Kisha akaja jogoo. Wa kienyeji, mdogo wangu kidogo tu kwa umri. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, mtu mwingine haigusi. Baba yake Wekesa, Mzee Wanjala, akaitoa kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu.

"Leo hii ni yako, mama. Wewe umetuletea mtoto."

Wote wakanitazama mimi. Nikaiuma. Meno ya chini yakanyanyuka yote. Nikafunga mdomo, nikajifanya nimepaliwa, nikaitema kwenye tishu. Walipogeuka kumsalimu jirani aliyeingia, nikaisukuma chini ya kitambaa cha sofa. Nilipanga kuichukua baadaye. Lakini tuliitwa nje kupiga picha, na kutoka pale wakatusindikiza hadi stendi. Wairimu ndiye aliyenibebea mkoba. Firigisi nimeikumbuka tukiwa Juja.

Kwenye picha wote wanacheka isipokuwa mimi.

Jumapili, 11 Mei

Sijaenda kanisani. Nimelala nikitazama ukuta. Labda haitaonekana.

Jumatano, 14 Mei

Imeonekana. Wairimu amepiga simu akilia. Mama Wekesa alivua vitambaa avifue, akaikuta. Imeng'atwa, imefungwa kwa tishu.

"Mum, wanauliza kama ulidhani wameweka kitu kwa chakula. Ama ni wewe ulikuwa unawaachia kitu huko kwa nyumba. Mzee hata haongei. Aki mum, ulikuwa unafanya nini?"

Nimesema tumbo lilikuwa linauma. Uongo juu ya uongo. Amekata simu.

Ninaelewa walivyoelewa. Mkwe anayeficha chakula amewaita wenye nyumba wachawi, au mchawi ni yeye. Naye Wairimu anapita mbele yao akibeba aibu isiyo yake. Wekesa amemwambia wangoje kwanza, wasipange lolote. Hayo yote kwa sababu sikutaka kusema neno moja. Nimejichukia leo kuliko siku zote.

Mwenye kutaka shamba naye amepiga, mara mbili. Sijashika.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudi Ruiru bila kuitwa. Wairimu nilimwambia anikute huko. Mama Wekesa alinipa kiti, hakunipa chai. Nyumba ya Mluhya, ambako mgeni hakosi chai, bila chai. Sofa zilikuwa tupu, vitambaa havikurudishwa.

Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Yalinipotea yote. Nikatandaza leso yangu mezani, nikainama, nikatoa meno. Ya juu, kisha ya chini. Nikayaweka mbele yao. Uso wangu ukaingia ndani, najua unavyoingia. Nikasema, kwa sauti ile ya ufizi, kwamba firigisi ilinishinda na nikaona aibu. Sikushuku sumu. Sikuacha uchawi. Ilikuwa aibu tu.

Wairimu akaziba mdomo kwa mkono. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote, maana kuziba mdomo amejifunza kwangu.

Mzee Wanjala aliyainamia yale meno.

"Sasa mama, si ungesema tu? Hiyo kitu hata huwa tunachemsha inalainika kabisa."

Akaanza kucheka, mpaka akafuta macho. Mama Wekesa hakucheka. Aliinuka, akaenda jikoni, na chai ikaja. Na mkate. Nikauchovya nikala bila meno, mbele ya watu, chai ikinitiririka kidevuni. Wairimu akanipangusa. Tulipoagana alinishika mkono.

Ningependa kuandika kwamba aibu imeisha. Haijaisha. Nimekuja nayo hadi nyumbani.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia yule mtu shamba haliuzwi. Akaongeza bei. Nikakata simu.

Kisha kliniki. Nimeomba njia ndogo, skrubu mbili za chini. Akiba niliyoweka kwenye chama chetu cha wanawake inatosha. Daktari atanipima sukari kwanza, na kunipiga picha ya mfupa. Nimemuuliza kama nitaweza kutafuna firigisi. Amesema kwa subira, ndiyo. Nikacheka, naye hakuelewa kwa nini.

Bado nakitamani kile kinywa kizima. Asubuhi hii kwenye kioo nilikitamani sana. Lakini nilikuwa nakitaka ili nisijulikane, na sasa nimeshajulikana.

Kazini sikufunga leo. Nilikaa benchi moja na wenzangu, na chupa yangu ya uji.

"Mama Maombi! Kwani maombi yamejibiwa?"

Nikawaambia bado, lakini nimesikia njaa.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani, kisha nyumbani. Nimeponda mukimo laini wa viazi, nikala polepole. Wairimu amepiga simu. Wazee wa pande zote mbili watakutana Agosti. Mama Wekesa ameuliza ninapenda nyama ichemshwe kwa saa ngapi.

Mvua kidogo. Nimefua barakoa za wiki nzima, nimezianika jikoni. Meno yako kwenye glasi, dirishani.

Mlango umebishwa. Mama Kamau, amerudisha chumvi. Nimemfungulia hivi hivi nilivyo. Ametazama mdomo wangu, akatazama glasi. Nikamwambia aingie, chai iko tayari.