Taa Mbili za Gramafoni ya Magese

Ngulyati, 5 Mei 2024

Mihayo mjukuu wangu,

Mwangaluka. Mimi mzima, kuku wazima, pamba imefunguka vizuri. Babu yako, guku Magese, yupo. Tangu apooze hasemi, hilo unalijua hata kama hukai nalo.

Spika yako nimeipokea. Imepiga makelele yenu ya mjini, mzee akageukia ukuta. Anataka gramafoni yake. Anataka santuri ile moja aliyoimba mwenyewe alipokuwa manju wa ngoma. Ikiimba, anapiga kidole kwenye mkeka, na akipiga kidole anakubali uji. Sasa gramafoni imezima na uji anautema. Umeelewa? Babu yako anakauka mbele ya macho yangu.

Kule nyuma kuna taa mbili ndefu za kioo. Moja haiwaki. Imeandikwa EL84. Nitafutie moja. MOJA. Thomasi, fundi redio wa Bariadi, anasema hubadilishwa zote mbili. Nikamwambia: ng'ombe wa jembe mmoja akifa, aliye hai unamchinja? Unamfunga ndama kando ya mzee, mzee anamfundisha mstari. Akacheka. Fundi mzima na meno yake, hajui kulima.

Usichelewe kama kawaida yenu.

Bibi yako


Dar es Salaam, 12 Mei 2024

Shikamoo bibi,

Na guku mpe shikamoo yangu sikioni. Sisi huku tunaendelea. Hali yake imeninyima raha.

Taa nimezipata Kariakoo kwa mzee mmoja, Joakim. Moja peke yake amekataa kuuza. Anasema hizi mbili zinasukuma sauti kwa zamu, moja ikivuta nyingine inapumzika, kwa hiyo lazima ziwe na nguvu sawa. Amezipima kwenye mashine yake, na nguvu ya kila moja ameiandika kwenye boksi lake. Nakuomba bibi, weka zote mbili. Ile ya zamani itoe.

Jambo jingine: kwenye kopo la vipuri la guku kuna taa inayofanana na hizi, imeandikwa PL84. Miguu yake ni ileile, itaingia bila ubishi, lakini umeme wake ni mwingine. Usiiguse.

Mjukuu wako Mihayo


Ngulyati, 16 Mei 2024

Mihayo,

Habari za huko sitaki kuuliza leo. Nilisema moja, ukaleta mbili. Umri wangu huu nafundishwa kufunga jozi!

Nimeweka moja, kando ya ile ya zamani. Nyingine nikaihifadhi. Gramafoni ikaimba. Kidole kikapiga. Nikakimbilia uji. Narudi na bakuli, taa yako mpya imekuwa nyekundu kama jembe kwa mhunzi, inanuka, kisha kimya. Mzee akafungua macho akanitazama. Amenitazama kama mtu niliyemnyang'anya chakula mdomoni.

Umeniletea mbovu. Kamwambie huyo Joakim wako. Hiyo iliyobaki naiweka Jumapili nikitoka kanisani, na ya zamani haitoki. Imetumika nyumba hii tangu mama yako hajazaliwa. Mwenzake amekufa, basi nayo itupwe? Nani kawafundisha hayo?

Simu usipige, nimeizima. Inamshtua mzee.

Bibi yako


Kwa mkono wa Thomasi, 18 Mei 2024

Shikamoo bibi,

Haya namsomea Thomasi kwenye simu ayaandike, akuletee kwa pikipiki kabla ya Jumapili.

USIIWEKE. Haikuwa mbovu. Ya zamani imechoka, haivuti tena, ndiyo maana ile mpya ilibeba mzigo wote mpaka ikaungua. Ng'ombe hujifunza, bibi. Taa haijifunzi.

Joakim hana jozi nyingine, anazo za moja moja. Anaweza kumtafutia mwenzake hiyo iliyobaki. Msomee Thomasi namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ni hiyo tu tunayohitaji.

Mjukuu wako Mihayo


Ngulyati, 19 Mei 2024

Mihayo,

Thomasi kanikuta taa ninayo mkononi. Kapiga kelele mlangoni kama anafukuza fisi.

Boksi sina. Nimewashia moto. Boksi tupu la karatasi, mlitaka nilifanyie nini, nilivike kitenge?

Kwa hiyo naituma taa yenyewe. Iko ndani ya kibuyu, nimekishindilia pamba ya msimu huu, ile nyeupe ya juu. Dereva wa basi nimemwambia akibebe mapajani. Joakim aipime, amtafute mwenzake, zirudi zote mbili. Ikipasuka njiani sitaki kuiona sura yako.

Guku wako hatemi tena uji. Hafungui mdomo. Namlowesha midomo kwa kitambaa. Fanya haraka, mwanangu.

Bibi yako


Ngulyati, 16 Juni 2024

Mihayo mjukuu wangu,

Mwadila. Nimebaki mzima. Mvua imekatika, pamba tumemaliza kuchuma.

Ulipokuja kuzika hukuniuliza, na mimi mbele za watu sisemi. Sasa nasema.

Kibuyu kilifika. Nilizifunga zote mbili, za kwako. Ya zamani niliichomoa mwenyewe. Gramafoni ikaimba kama siku ilipoingia nyumba hii. Kidole kikapiga, Mihayo. Akanywa uji. Akanywa mpaka akanishika mkono nisiondoe kijiko.

Upande ulipoisha nikageuza santuri. Huo wa pili unaanza yeye anaita, watu wanaitikia. Sauti yake ikaita. Kidole hakikuitikia. Nikaiacha mpaka mwisho wake, manju hakatizwi.

Basi usijilaumu kwamba zilichelewa. Hazikuchelewa.

Na nilikuona siku ile unafagia, ukaitupa ile taa ya zamani jalalani. Nimeiokota. Iko kwenye kibuyu, ndani ya pamba. Jembe haivuti, najua, mmenifundisha. Lakini nilipoichomoa ilikuwa bado inawaka.

Isitupwe tena nikiwa hai.

Bibi yako